Mche wa muhogo uliojiotea wenyewe umepita yote shambani. Niuzalishe au najidanganya?

MamaSalha_Kisiju

Habari za humu jamani. Mimi nalima muhogo huku Kisiju, Mkuranga, ekari mbili na nusu, sehemu kubwa ni aina ya Kiroba. Mwaka jana tulifyeka kichaka pembeni ya shamba tukachoma. Mvua zilipoanza ikaota miche ya muhogo ambayo mimi sikuipanda. Mingi niliing'oa kwenye palizi ya kwanza, mitatu nikaionea huruma.

Sasa ina kama miezi kumi. Miwili ni ya kawaida tu. Huu mmoja, jamani, ni mrefu kuliko mlango, shina nene, majani mapana, hauna batobato (ule ugonjwa wa virusi unaotia majani mabaka na kuyakunja) hata doa, wakati jirani yake wa kawaida amejikunja majani. Majirani wanasema Mungu kanishushia, nikate pingili zote nijaze robo ekari. Baba Salha anasema ni muhogo mwitu, niung'oe kabla haujaua mtu. Nani yuko sahihi?

Mjukuu_wa_Mzee

Usiung'oe. Nami naweka oda ya pingili mia. Jina liwe "Salha 1".

Kilifi_Kwetu

Huku kwetu mihogo ya kujiotea iko mingi na kuna wazee waliipanda wakaipenda. Lakini pia kuna iliyolisha mbuzi tu. Subiri wajuzi waje.

FundiShamba

Mama Salha, salaam. Mimi si mtafiti. Nimekuwa msaidizi wa shamba kwenye utafiti wa muhogo miaka kumi na tisa, yaani yule anayeshika kamba, vibao na mzani wakati wataalamu wanaandika. Nimestaafu, nina muda, kwa hiyo mtanivumilia kwa urefu.

Kwanza ujue ulichonacho. Ukikata pingili kwenye Kiroba na kuipanda, utapata Kiroba yuleyule. Mbegu iliyotoka kwenye tunda ni jambo lingine kabisa. Kwenye kishada cha muhogo maua ya kike hufunguka wiki moja au mbili kabla ya ya kiume, kwa hiyo mara nyingi chavua huletwa na nyuki kutoka mmea mwingine. Tunda moja lina mbegu tatu, na hizo tatu hazifanani, kama watoto wa tumbo moja. Tunda likikauka linapasuka na kurusha mbegu, nayo inalala ardhini ikisubiri joto. Ndiyo maana imekuotea pale ulipochoma. Kwa hiyo kila mche kati ya hiyo mitatu ni aina mpya ambayo haijawahi kuwepo duniani. Majirani zako hapo wako sahihi.

Wanapokosea ni kwenye robo ekari.

Kituoni tulikuwa tunafanya hivyo hivyo kwa makusudi. Ua la kike linafunikwa kifuko, linapakwa chavua ya baba uliyemchagua, unasubiri karibu miezi mitatu, unaotesha mbegu kwa maelfu. Mwaka wa kwanza kila mche uko peke yake kama wako. Halafu bosi anakuja anasema: chagua. Na hapo ndipo nilipoona watu wenye digrii wakidanganywa na mmea kama mimi na wewe.

Angalia mche wako umesimama wapi. Kwenye jivu, pembeni, na majirani wawili wanyonge. Mmea wa muhogo uliokaa kati ya wanyonge unawanyang'anya jua na maji, unajaa, unaonekana shujaa. Ukizipanda pingili zake shamba zima, kila mmoja anashindana na ndugu yake mwenye nguvu sawa, na ushujaa unakwisha. Kazuo Kawano, Mjapani aliyefanya kazi miaka mingi kule CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo nchini Kolombia, alilisisitiza sana hilo: ukipima uzito wa mihogo ya mmea mmoja mmoja uliochanganyika na wengine, kwa sehemu kubwa unapima ubabe wa kunyang'anya. Yeye alitaka waangalie mgawo, yaani uzito wa mihogo ukigawanywa kwa uzito wa mmea mzima, juu na chini pamoja. Kipimo hicho hakiyumbi sana kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Mmea unaoweka nusu ya uzito wake chini ni wa kuangaliwa, hata kama ni mfupi. Unaojenga mti na kuacha mihogo miwili chini ni kuni.

Kuna na hili: mche wa mbegu una mzizi mkuu unaoshuka chini kama wa mwembe. Pingili haina huo. Mizizi yake hutoka kwenye kikato na kutawanyika. Umbo na idadi ya mihogo utakayoikuta kwenye mche huu si lazima uyaone mwaka kesho kwenye pingili zake. Nimeona mche uliotoa muhogo mmoja kama mguu wa meza, pingili zake zikatoa vidole.

La mwisho ndilo linaloniogopesha zaidi. Mbegu ya tunda kwa kawaida haibebi virusi vya batobato wala vya michirizi ya kahawia, ule ugonjwa unaoozesha mihogo kwa ndani. Mche wako ulianza maisha ukiwa safi. Kwamba hauna batobato leo, huenda una kinga, huenda inzi weupe wanaoeneza virusi hivyo hawajaufikia vizuri. Mwaka mmoja hautoshi kujua. Kituoni tulikuwa tunapanda mistari ya mihogo iliyougua kati ya miche kwa makusudi, ili asiwepo wa kusema hakualikwa.

Mjukuu_wa_Mzee

Mzee, "mguu wa meza" umeniua. Kwa hiyo oda yangu ifutwe?

FundiShamba

Ifutwe, kijana.

Mchumi_Njaa

Niulize kwa nia njema. Hizi hadithi za kamba na mzani si za zamani? Leo kuna vinasaba. Unachukua jani, unajua kila kitu, mche ukiwa na wiki sita. Kwa nini mpaka leo aina moja ya muhogo inachukua miaka minane, kumi? Mahindi tunaona kila msimu mbegu mpya.

FundiShamba

Mchumi, swali zuri, ila "kila kitu" hapana.

Ni kweli kuna alama za vinasaba. Kinga ya batobato inayoitwa CMD2, iliyotoka kwenye mihogo ya wakulima wa Afrika Magharibi, unaweza kuitafuta kwenye jani la mche mdogo kitaluni na kutupa wasio nayo kabla hujapoteza jembe. Na siku hizi wanakwenda mbali zaidi, wanasoma vinasaba vya mmea mzima na kukadiria utazaa vipi, kwa kulinganisha na mimea ambayo tayari ilipimwa shambani. Lakini soma sentensi hiyo tena. Ambayo tayari ilipimwa shambani. Mtu wa kamba na mzani akipima vibaya, kompyuta itakadiria vibaya kwa haraka zaidi.

Naungama. Mwaka mmoja, kwenye kituo ambacho sitakitaja, mvua ilitushtukiza tukihamisha pingili, na mimi na mwenzangu tukapachika vibao vya mstari mmoja kwenye mstari mwingine. Tuligundua baada ya miezi saba, kwa sababu mmea ulioandikwa kuwa na vikonyo vyekundu ulikuwa na vya kijani. Tuliulizana mangapi hatukuyagundua.

Kuhusu miaka: mahindi kilo moja ina mbegu maelfu. Mche mmoja wa muhogo unakupa pingili nane, kumi, ukibahatika. Mwaka wa pili unapanda mstari mmoja wa mimea michache. Mwaka wa tatu ndipo unapata za kurudia mara tatu kwenye kituo kimoja. Mwaka wa nne unaongeza. Baadaye ndiyo uende vituo vya Kibaha, Naliendele, Ukiriguru, upande kwa wakulima, TOSCI, wathibitishaji wa mbegu wa serikali, nao wafanye majaribio yao. Na kila hatua muhogo unakaa ardhini karibu mwaka. Huwezi kuuambia uharakishe.

Hapo ndipo uchaguzi wa mapema unapokuwa mtihani. Ukiwa mkali sana mwaka wa kwanza, unatupa dhahabu ukiwa na kipimo kibovu mkononi. Ukiwa mpole, unabeba takataka miaka minane na shamba halitoshi. Bosi wangu wa mwisho, mama mmoja mkali sana, alikuwa anatukataza kabisa kusema "tumepata bora" mwaka wa kwanza. Alikuwa anasema tuandike waliofukuzwa na sababu ya kufukuzwa. Waliobaki hawana jina wala sifa, hawajafukuzwa tu.

Udaga_Sengerema

Naingia kwa uchungu. Huku Ziwa batobato kali ilitushukia kutokea Uganda miaka ya 1990, tukaletewa aina mpya ya muhogo, Mkombozi. Majani safi kabisa, tukashangilia. Halafu michirizi ya kahawia ikaja, unang'oa muhogo unakata, ndani kama kizibo cha chupa, kahawia, mgumu. Juu kijani kibichi. Ninachouliza: hao waliochagua hawakukata?

Na jingine. Sisi tunataka muhogo mchungu kwa udaga, ule wa kuvundika na kukausha, tumbili na nguruwe wasiumalize. Mtu wa Pwani anataka wa kuchemsha asubuhi na chai. Anayechagua anamchagulia nani?

FundiShamba

Ndugu wa Sengerema, pole. Walikata, lakini zamani michirizi ilijulikana kama ugonjwa wa ukanda wa chini, Pwani na kando ya Ziwa Nyasa. Uganda yenyewe ilianza kuiona kwa wingi kuanzia 2004. Mihogo mingi ya huko juu ilichaguliwa dhidi ya batobato kwa sababu ndiyo iliyokuwa inaua wakati huo. Mmea unafaulu mtihani uliopewa. Ule ambao haukuwepo kwenye karatasi haujibu.

Na michirizi ina hila: kadiri muhogo unavyokaa ardhini ndivyo kuoza kunavyoongezeka. Ukivuna majaribio miezi saba ili uwahi, utawapitisha wengi ambao wakifikisha miezi kumi na miwili wangeanguka. Uharaka wa mchaguzi unamsaidia mgonjwa kujificha. Wakulima wengi wa Pwani huvuna mapema kwa sababu hiyo hiyo, wauwahi kabla haujaoza.

Kuhusu ladha sina utetezi. Miaka mingi kuonja kulikuja mwishoni, wakati zimebaki aina tano sita. Wanawake wanachemsha, wanasema zote chelema, yaani majimaji bila unga, na hakuna wa kurudia kwa sababu waliokuwa na unga walitupwa mwaka wa pili kwa kukosa kimo. Nililiona hilo kwa macho yangu, sikulipenda.

Mtu_wa_Donge

Fundi, na huyo muhogo mwitu anaosema Baba Salha? Huku Unguja tunakula kisamvu cha mpira, bibi alikuwa anakichuma kwenye mti mkubwa uani. Ndio huo?

FundiShamba

Umenigusa penyewe. Mpira wa kisamvu ni ndugu wa muhogo, asili yake Brazil, uliletwa enzi za Wajerumani kwa ajili ya utomvu. Mihogo ya kula hauna, lakini virusi vinauogopa. Miaka ya 1930 kituo cha Amani, huko juu Usambara, kilikuwa na Mwingereza H. H. Storey, yeye ndiye aliyeieleza michirizi ya kahawia kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Yeye na mwenzake Nichols wakauzalisha mpira pamoja na muhogo kwa chavua. Watoto wakatoka na kinga lakini mizizi ya mti, hailiki. Wakawarudisha kwa muhogo, wakachagua, wakarudisha tena, mpaka mara tatu, kila mara wakitafuta mtoto aliyebaki na kinga ya mzazi mmoja na mihogo ya mwingine.

Kuna uzao wa Amani namba 5318/34 uliopelekwa Nigeria, ukazaa mmea 58308, na huo ndio IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo pale Ibadan, waliuanzia kuzalisha zile aina za muhogo ziitwazo TMS zilizosambaa Afrika nzima. Mwingine, 46106/27, ulibaki huku kwetu mikononi mwa wakulima. Kilifi_Kwetu, mnauita nini huko?

Kilifi_Kwetu

Usiniambie ni Kaleso!

FundiShamba

Ndiyo huo. Na Namikonga, ule wa kusini mwa Tanzania, walipousoma vinasaba wakakuta ni mmea huo huo wenye jina jingine. Watu walikuwa wanautafuta mmea wenye kinga ya michirizi, kumbe bibi mmoja anao nyuma ya nyumba, kautunza kwa pingili miaka yote hiyo bila kujua kuwa una namba.

Kwa hiyo Baba Salha akisema muhogo mwitu, kwenye ukoo huenda hajakosea sana.

MamaSalha_Kisiju

Amesoma hapa sasa hivi, anatembea kifua mbele. Fundi mmenichanganya, nipe la kufanya mimi mwenye jembe na ndoo.

FundiShamba

Usiung'oe mpaka uwe na udongo wenye unyevu wa kupanda siku hiyo hiyo au ndani ya wiki. Ing'oe yote mitatu, sio shujaa peke yake. Pima mihogo, halafu pima shina na majani, kila mmoja mbali. Kata kila muhogo vipande vya duara, kuanzia shingoni hadi mkiani, uangalie kahawia. Ukiona, choma shina zima, usihurumie.

Kisha unga. Chukua kilo tatu za mihogo iliyooshwa, weka kwenye wavu, ning'iniza kwenye mzani ikiwa imezama ndani ya ndoo ya maji bila kugusa chini. Andika uzito wa majini, utoe wa wavu wenyewe. Ukigawa uzito wa hewani kwa tofauti ya hizo mbili, halafu ukazidisha kwa 158.3 na kutoa 142, unapata asilimia ya ukavu, yaani sehemu ya muhogo isiyo maji. Kipimo hicho cha ndoo hakibadiliki ovyo. Muhogo wenye unga mwaka wa kwanza kwa kawaida unabaki na unga.

Usimpe mtoto. Mche wa mbegu unaweza kuwa mchungu kupita wazazi wote wawili. Kituoni tulikuwa na karatasi za pikrati zinazogeuka kutoka njano kuwa kahawia kwa sianidi. Wewe gusisha kipande ulimini na uteme, kikiwa kichungu acha hapo hapo.

Halafu panda pingili nane nane kwa kila uliobaki, mistari mifupi, Kiroba katikati ya kila mstari ili uwe na wa kumlinganisha naye. Robo ekari isahau.

MamaSalha_Kisiju

(siku nne baadaye)

Nimetumia mzani wa kidijitali wa shemeji anayenunua kamba wa baharini, bado unanuka.

Shujaa: mihogo minne, kilo 9. Shina na majani kilo 20! Kilo tatu ndani ya maji zimekuwa gramu 210. Si mchungu.
Wa pili, aliyejikunja majani kidogo: mihogo kilo 5, juu kilo 5. Ndani ya maji gramu 300. Uchungu kidogo mkiani.
Wa tatu: nimekata muhogo wa kwanza tu, kahawia tupu. Na majani yalikuwa mazuri. Nimechoma.

FundiShamba

Shujaa ana asilimia 28, chelema huyo, na chini kaweka chini ya theluthi. Wa pili ana karibu 34 na nusu kwa nusu. Lakini wa pili ana batobato. Wote wawili hawajafukuzwa. Panda nane nane.

Mchumi_Njaa

Kwa hiyo hata baada ya kupima hujui?

FundiShamba

Najua mmoja wa kuchoma. Kati ya mitatu, si haba.

MamaSalha_Kisiju

(mwaka uliofuata)

Nimerudi, mliniahidi mtanisubiri. Mvua ya masika ilikuwa ya kugombana lakini tumevuna juzi, miezi kumi na moja kamili, sikuwahi.

Wa pili: pingili saba ziliota kati ya nane. Batobato imeshika mimea miwili, mitano safi. Mihogo mifupi minene, imeachana vizuri, nimeipima na Kiroba wa katikati, wamekaribiana sana, nikipima mmea mmoja mmoja mara anashinda huyu mara yule. Ukiuchemsha unapasuka wenyewe, unga mtupu. Ila muhogo mmoja nimekuta vidoa vya kahawia, vidogo kama kichwa cha kiberiti.

Shujaa: fundi ulisema kweli, ushujaa umekwisha. Wamebanana wenyewe kwa wenyewe, warefu, mihogo kama vidole vya mtu mnene. Chelema kuliko mwaka jana. Majani hayana doa lolote, mwaka wa pili sasa.

FundiShamba

Vidoa vilikuwa kwenye mmea wenye batobato au kwenye mmoja wa ile mitano?

MamaSalha_Kisiju

Mmoja wa ile mitano.

FundiShamba

Choma huo. Minne iliyobaki kata pingili za katikati ya shina, utapata thelathini hivi, panda mbali na Kiroba ya zamani, ukivuna ukate yote. Shujaa mtupe.

MamaSalha_Kisiju

Wa pili sawa. Shujaa hatupwi. Mama mkwe kakichuma kisamvu chake mara moja, kasema kinalainika upesi kuliko cha mpira na hakina nyuzi, na kesho yake nimemkuta keshachomeka pingili sita nyuma ya jiko.